"Nenda Ofisini": Historia Fupi ya Fimbo, Daftari na Mwalimu wa Nidhamu

Wadau, kimya kingi kina mshindo. Nimepotea humu wiki mbili nzima kwa sababu ya majaribio mfululizo, bumu nalo limeingia kwa kusuasua kama kawaida yake, basi kichwa kilikuwa hakitulii. Sasa nimerudi, na leo sina hadithi za foleni ya kantini. Nataka tuzungumze historia kidogo. Sisi wa Shule Kuu ya Elimu tunakaribia kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu maarufu, na kuna jambo moja linanisumbua ambalo hatujalijadili vya kutosha hapa Mlimani. Jambo lenyewe ni hili: mwanafunzi akikushinda darasani, unampeleka wapi? Na huko unakompeleka, nani ana mamlaka ya kumfanya nini?

Majibu ya wenzangu wengi ni mepesi. "Namtuma ofisini." Basi, yameisha. Lakini ukiuliza ofisini kwa nani, kila mtu anasema lake. Huyu anasema kwa mwalimu wa zamu, yule kwa mwalimu wa darasa, mwingine kwa mwalimu wa nidhamu, mwingine kwa makamu mkuu wa shule. Ukiuliza sheria inasemaje, hapo ndipo kimya kinaingia. Nikaamua kusoma, na nilichokipata kimenifanya niione sentensi ile ya "nenda ofisini" kwa macho mengine kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunahesabu viboko. "Amekula viboko vinne." Lakini kiboko ni mnyama wa majini! Jina limekuja kwa sababu mjeledi wa enzi za Wajerumani ulikatwa kwenye ngozi ya kiboko, na wazee wetu waliubatiza jina la mnyama mwenyewe. Hata idadi iliingia kwenye lugha: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Idadi hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa agizo la kudhibiti adhabu ya kuchapa katika makoloni yake ya Afrika. Agizo liliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, likawatoa wanawake kwenye adhabu hiyo, na likawatoa pia Waarabu na Wahindi. Mwafrika mwanamume ndiye aliyebaki. Na adhabu zilitakiwa ziandikwe kwenye kumbukumbu.

Naomba msomaji ushike hilo la kuandika, manake tutalirudia. Sheria ile haikuwa ya shule, ilikuwa ya mahakama za bwana shauri na wafanyakazi wa mashambani. Sisemi kwamba daftari la adhabu la shuleni kwetu limetoka moja kwa moja kwa Mjerumani. Ninachosema ni kwamba wazo lenyewe ni la zamani: mkubwa anaona uchapaji umezidi, haukatazi, anauwekea idadi na kuufungulia daftari. Halafu anaamini kwamba kwa kufanya hivyo ameudhibiti.

Daftari la shuleni lilikuja zaidi kwa njia ya Mwingereza. Kwao, mwanzoni mwa karne ya 20, shule za serikali zilikuwa na kitabu cha adhabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya fimbo, saini. Walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na mtindo wao wa shule. Tabora School ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ikajengwa kwa kuigiza shule za bweni za Uingereza: mabweni, paredi, na viranja wenye madaraka makubwa. Hapo ndipo ngazi tunayoijua leo inapoanza kuonekana vizuri. Mwanafunzi anakosea, kiranja anaandika jina, jina linakwenda kwa mwalimu wa bweni, kubwa likishindikana linakwenda kwa mkuu wa shule. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipita pale kati ya 1937 na 1942, akawa kiranja, na walioandika maisha yake wanasema alipigania viranja waondolewe upendeleo waliokuwa wakipewa. Kwa hiyo hata kijana wa wakati ule aliiona kasoro ya ngazi ile kwa chini kabisa, kwa yule anayeandika majina ya wenzake.

Lakini tusimsingizie mkoloni kila kitu jamani. Wahenga wetu walikuwa na maneno yao. Samaki mkunje angali mbichi. Udongo upate uli maji. Na lile linalopendwa kuliko yote kwenye vikao vya wazazi: mchelea mwana kulia hulia yeye. Chuoni pwani mwalimu wa Kurani alikuwa na bakora yake pembeni, na nyumbani bara baba alikuwa na fimbo yake. Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Aliyekuchapa nyumbani alikujua. Alijua jana ulikula nini, umelala wapi, na nani amekukorofisha. Shule ilileta kitu kipya: kuchapwa na mtu ambaye hakuona kosa, kwa maelezo ya mtu mwingine. Huko ndiko kupelekwa ofisini.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 wengi wangetegemea kiboko kifukuzwe pamoja na gavana. Haikuwa hivyo. Mwaka 1963 Bunge letu lilipitisha sheria ya adhabu za chini, na mhalifu wa makosa yaliyotajwa alipewa kifungo pamoja na viboko 24: 12 akiingia gerezani, 12 akitoka. Kama taifa jipya lilikuwa linawachapa watu wazima namna hiyo, nani angehangaika na mtoto wa darasa la nne? Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizungumza vizuri sana juu ya wanafunzi kushiriki maamuzi na kazi za shule yao, lakini fimbo haikuhama stafu.

Sheria ya Elimu tunayoitumia ni Namba 25 ya mwaka 1978, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Ndiyo iliyompa waziri uwezo wa kutunga kanuni, na mwaka 1979 zikatungwa kanuni za adhabu ya viboko. Kikomo kilikuwa viboko sita. Mwaka 2002 zikaja kanuni mpya, Tangazo la Serikali Namba 294. Hizi ndizo nawaomba walimu wenzangu watarajiwa mzisome kabla ya kupanda basi la kwenda TP, manake nina hakika wengi hamjawahi kuziona.

Kanuni za 2002 zinasema hivi, kwa lugha yangu. Kiboko ni kwa ajili ya utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito, au lile linaloivunjia shule heshima. Si kwa kukosa hesabu. Si kwa kusahau kalamu. Fimbo iwe nyepesi inayopinda, na ichape kiganja cha mkono au makalio yakiwa na nguo, basi, pengine popote ni marufuku. Visizidi vinne. Uangaliwe umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda shule isiwe na mwalimu wa kike au mchapaji awe mkuu wa shule mwenyewe. Anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule. Anaweza kumpa mwalimu mwingine mamlaka hayo kwa maandishi, lakini hata huyo lazima apate idhini ya mkuu kwa kila tukio. Kila tukio! Na kila mara liandikwe kwenye daftari: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa, na mkuu wa shule atie saini.

Nilipomaliza kusoma nilicheka peke yangu maktabani mpaka jirani akanigeukia. Nikajiuliza, hivi sekondari niliyosoma mimi ilikuwa nchi gani?

Ngoja niwasimulie ngazi halisi ninayoijua mimi, na ambayo wengi wenu mnaijua. Mwalimu yupo darasani, mkondo una wanafunzi 80 na zaidi, mmoja anapiga kelele. Mwalimu anasema, "Wewe, nenda ofisini kapige magoti, unisubiri." Mtoto anakwenda. Ofisini kuna walimu wanasahihisha, wanakunywa chai. Anaingia wa kwanza: "Umefanya nini?" Kabla hajamaliza kujibu, kimoja cha mgongo. Anapita wa pili: "Na wewe tena?" Viwili. Wa tatu hata hauliza, anachukulia kwamba aliyepiga magoti lazima ana kosa. Mwenye kesi anapofika baada ya kipindi, mtoto ameshakula sita au saba, na hesabu ya mwenye kesi ndiyo kwanza inaanza. Kwenye daftari hakuna kitu. Mkuu wa shule yupo mjini kwenye kikao.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana alikuwa anachelewa karibu kila siku. Kiranja wa zamu alikuwa anaandika majina getini, karatasi inakwenda kwa mwalimu wa zamu, walioandikwa wanapanga mstari, vitatu vitatu, halafu wanakwenda kufyeka. Miaka miwili. Jina lake lilikuwa linajulikana kama la mwalimu mkuu. Sababu yenyewe ilikuwa inajulikana na kila mwanafunzi wa njia ile: asubuhi makonda wa daladala walikuwa wanakataa kupakia wanafunzi kwa kuwa nauli yetu ni ndogo, na yeye alikuwa anatoka mbali kuliko sisi sote. Alikuwa anaacha magari manne, matano, ndipo anapata moja. Kiranja alijua. Sisi tulijua. Karatasi ya getini haikuwa na sehemu ya kuandika sababu. Kidato cha tatu hakurudi. Sisemi ameacha shule kwa ajili ya viboko, mambo ya nyumbani kwao siyajui. Nasema jina lake lilipelekwa mbele mara mia, na hakuna mara hata moja alipokuta mtu wa kumsikiliza.

Hapo ndipo ninapoiona historia hii ina mkondo mmoja. Kila sheria ilijaribu kuipandisha fimbo juu, mbali na hasira ya papo kwa papo. Wazo si baya, ukilifikiria. Aliyeudhiwa asiwe ndiye anayeadhibu. Apeleke kesi kwa mwingine mwenye kichwa kilichotulia, huyo asikilize, aamue, aandike. Kumpeleka mtoto ofisini kulikusudiwa kuwa breki. Lakini kila mara maisha ya shule yaliishusha fimbo chini tena. Mkuu wa shule ni mmoja, wanafunzi ni elfu. Mwalimu anaona kufuata kibali cha maandishi ni usumbufu wakati fimbo ipo mezani. Na mabaya zaidi, breki iligeuka mafuta: yule aliyepokea kesi hakuja kusikiliza, alikuja kumsaidia mwenzake kuchapa.

Mifano mnayo. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video kutoka sekondari moja ya kutwa jijini Mbeya, walimu wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ofisini, chanzo kikiwa ni zoezi la Kiingereza. Waliomshambulia walikuwa walimu wa mazoezi, yaani watu kama sisi, vijana waliokwenda TP. Walifukuzwa vyuo. Tuliangalia ile video tukiwa wadogo, tukasema "wana roho mbaya". Leo ninaiangalia kama mtu anayesubiri barua ya kupangiwa kituo, na ninaona kitu kingine: ilitokea ofisini, mahali ambapo kanuni zinasema ndiko kwenye usalama.

Agosti 2018, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, mtoto wa miaka 13, alifariki baada ya kuchapwa. Tuhuma ilikuwa pochi ya mwalimu mmoja iliyopotea, na aliyechapa alikuwa mwalimu mwingine. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu aliyechapa kunyongwa, na mwenye pochi akaachiwa huru. Sina la kuongeza juu ya hilo, linajieleza.

Na kwa walimu wanaosema fimbo haina ubaya wowote, nawakumbusha Februari 2009, hukohuko Bukoba. Mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu matokeo ya mtihani yalikuwa mabaya. Nchi ikawaka moto, na Rais Kikwete akamfuta kazi mkuu huyo wa wilaya. Walimu walisema wamedhalilishwa, na ni kweli walidhalilishwa. Lakini ile hoja ya mkuu wa wilaya si ndiyo hoja yetu sisi wenyewe kila siku? Umefeli, lala chini. Halafu Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa mwenyewe wanafunzi 14 wa sekondari moja ya Chunya, mabweni yakiwa yameungua, na Rais Magufuli akampongeza hadharani. Mkuu wa mkoa hayumo kabisa kwenye ngazi ya kanuni za 2002. Kumbe hata juu kabisa kanuni hazijasomwa, au zimesomwa zikawekwa pembeni.

Wenzetu wameshatoka huku. Kenya walikataza viboko shuleni mwaka 2001, Uganda wakaliweka katazo ndani ya sheria yao ya watoto mwaka 2016. Na Mwingereza mwenyewe, mwenye kitabu cha adhabu? Bunge lake lilipiga kura mwaka 1986 kuondoa fimbo katika shule za serikali, hoja ikapita kwa kura 231 dhidi ya 230, na mwaka 1987 fimbo ikaondoka. Kura moja tu! Sisi tumebaki na urithi ambao mwenyewe ameshautupa. Sisemi Kenya wamekuwa malaika, mabweni kule yameendelea kuungua, na walimu wengi wanalalamika kwamba waliondolewa fimbo bila kupewa kitu kingine mkononi. Malalamiko hayo ni ya haki. Kuna walimu wa ushauri na unasihi mashuleni, lakini ukimkuta mwalimu huyohuyo ana vipindi 28 vya fizikia, huo unasihi ataufanya saa ngapi?

Kuna ngazi nyingine pia, ya kufukuza. Kanuni nyingine za 2002, Tangazo Namba 295, zinataja makosa ya kumfukuzisha mtoto, likiwemo kosa dhidi ya maadili na kuingia kwenye ndoa. Neno mimba halimo, lakini kwa miaka mingi wasichana wajawazito walipelekwa mbele kwa kipengele hicho cha maadili, wakafukuzwa. Mpaka Novemba 2021 serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu walioacha shule kurudi, wakiwemo waliopata ujauzito. Miaka yote hiyo msichana alikuwa anapelekwa ofisini kwa ajili ya kitu ambacho mara nyingine alitendewa. Hapo napo hakukuwa na sehemu ya kuandika maelezo yake.

Sasa swali la mwisho, na ndilo la maana kwangu: mimi nitafanyaje nikifika kituoni? Mwalimu wa mazoezi hana sauti. Ukikataa kushika fimbo wenyeji wanakuona unajifanya msomi, na wanafunzi wakishajua huchapi wanakupanda kichwani, tusidanganyane. Kuna dada wa mwaka wa tatu aliniambia, "Mdogo wangu, wiki ya kwanza utalia wewe." Inawezekana kabisa. Lakini nimeamua mambo matatu. La kwanza, sichapi, kwa sababu sheria hainiruhusu, na jibu hilo hata mkuu wa shule hawezi kulipinga mbele ya mkaguzi. La pili, simtumi mtoto ofisini kupiga magoti. Nikiona imefika pa kumpeleka, nitakwenda naye mwenyewe baada ya kipindi. La tatu, nitakuwa na daftari langu dogo, na kila nikimpeleka mtoto mbele nitaandika nilichokiona, nilichojaribu kufanya kabla, na yeye anasemaje. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu. Historia yote hii ya madaftari, tangu mjeledi wa ngozi ya kiboko hadi kanuni za 2002, imeandika jina, kosa na idadi. Maneno ya aliyechapwa hayajawahi kupewa mstari.

Walimu mliopo kazini, hasa mlioko shule za kata zenye mikondo mikubwa, nawaomba mnijibu kwa uzoefu na si kwa hasira. Shuleni kwenu daftari la adhabu lipo? Mara ya mwisho mkuu alilitia saini lini? Na mtoto akifika ofisini, nani anakuwa wa kwanza kumuuliza kilichotokea, na anasubiri jibu?

Nawakilisha. Tukijaliwa, wiki ijayo nitawaletea habari za upangaji wa vituo.